Mizani iliyoegemea: mwongozo wa kugundua upendeleo kwenye biashara, utafiti na fedha

Ukifika Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, alfajiri utakuta vipimo viwili vikifanya kazi bega kwa bega: sado (ndoo ndogo ya kupimia) na mizani. Sado hukosea kila siku. Muuzaji mwenye haraka anaijaza mpaka dagaa wanamwagika, akichoka anaisawazisha kwa kiganja, na wewe unayefuata unapata pungufu kidogo. Lakini ukinunua sado 40, pale ulipozidishiwa na pale ulipopunjwa hukaribia kufidiana. Mizani mbovu haina huruma hiyo. Kama inapunguza robo kilo, inapunguza robo kilo kila unapopima. Pima mara 40, umepoteza kilo 10. Pima mara 400, umepoteza kilo 100. Hakuna siku itakayokurudishia.

Kosa la aina hii ya pili ndilo watu wa takwimu, biashara na fedha huliita upendeleo. Neno hilo linatuchanganya, kwa sababu mtaani upendeleo ni meneja kumpa kazi shemeji yake. Hilo nalo limo, ila ni sehemu ndogo. Mizani haimpendi wala haimchukii mtu, na bado inamuumiza mnunuzi yuleyule kila siku. Kwa hiyo humu nitatumia neno mwegemeo: kosa linaloelemea upande uleule kila mara, awe mwenye kulifanya ana nia mbaya au nia safi.

Ukilielewa hivyo, mambo mawili yanajitokeza. Uaminifu peke yake hauliondoi, maana mwaminifu mwenye mizani mbovu bado anapunja. Wingi wa vipimo pia hauliondoi. Unakuzidishia tu uhakika juu ya jibu la uongo. Kinachosaidia ni kubadili utaratibu wa kupima kabla hujaliona jibu. Hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya hilo.

Hatua ya 1: Pima kitu ambacho uzito wake unaujua

Lita moja ya maji ina kilo moja. Chukua dumu la lita 20, lipime likiwa tupu, lijaze maji mpaka alama ya 20, lipime tena. Tofauti isipokuwa kilo 20, umeshajua mizani inaegemea wapi na kwa kiasi gani. Fanya hivyo mara tatu. Ikitoa 19.5, 20.4, 20.1, inayumba. Ikitoa 19.5, 19.4, 19.5, imeegemea, usibishane nayo, ipeleke kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwe.

Kanuni hiyohiyo inafaa kwenye maneno ya watu. Ndani ya dodoso lako weka swali moja ambalo jibu lake tayari limeandikwa mahali. Kwa mfano, waulize watu wa mwalo (mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia) kuna mitumbwi mingapi pale, kisha linganisha na daftari la BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Wakizidisha wengine na kupunguza wengine, ni kumbukumbu ya kawaida ya binadamu. Karibu wote wakipunguza, kuna kitu kinawasukuma upande mmoja, na kuna uwezekano mkubwa kwamba kinayasukuma majibu yao mengine pia.

Hatua ya 2: Andika bei yako kabla hujasikia ya mwenzako

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio ambalo sisi Waafrika tuna sababu ya kulikumbuka. Waliwaonyesha watu gurudumu la namba, likazungushwa, kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu lilikuwa limepangwa lisimame kwenye 10 au 65. Kwa walioona 10, kisio la katikati lilikuwa asilimia 25. Kwa walioona 65, lilikuwa asilimia 45. Namba isiyohusiana kabisa na swali ilivuta jibu, na wenyewe hawakuhisi kuvutwa. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi za aina hii. Tversky alikuwa ameshafariki mwaka 1996.

Sasa mfikirie dalali anayekupokea getini na kutaja bei hata salamu haijaisha. Anajua anachofanya. Bei hiyo ya kwanza inakuwa kigingi, na wewe utazunguka kama mbuzi aliyefungwa, ukijisifu kwamba umepunguziwa.

Dawa yake ni nyepesi mno hata watu wanaidharau. Kabla hujapanda daladala kutoka Igoma au Buhongwa, andika namba mbili kwenye karatasi: bei ya juu kabisa utakayokubali kununua, na kiasi cha chini cha mzigo ambacho ukikikosa unarudi nyumbani na hela yako. Ziandike kutokana na daftari lako la mauzo, siyo kutokana na tetesi za asubuhi ile. Ukifika, soma karatasi yako kwanza, ndipo uulize bei.

Kwenye kuajiri fanya vivyo hivyo. Waulize waombaji wote maswali yaleyale manne, wape kazi ileile ya dakika kumi (kupima, kuhesabu chenji, kuandika risiti), uwape alama papo hapo, na ndugu yako apite mlango huohuo.

Hatua ya 3: Watafute walioondoka

Kila mtu Kirumba anamjua mtu aliyejenga nyumba kwa mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara. Ni kweli, wapo. Tatizo ni kwamba unawahesabu ukiwa umesimama mahali ambapo walioshindwa hawapo tena. Aliyefilisika hakai sokoni akikusubiri umhoji. Amerudi Sengerema kulima, ameenda machimboni Geita, ameuza friza na kubadili laini ya simu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtakwimu Abraham Wald alifanya kazi na kikundi cha watafiti cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akishughulikia swali la ndege za kivita zilizorudi zikiwa na matundu ya risasi. Ni rahisi kusema: tuongeze bamba la chuma pale penye matundu mengi. Hoja ya Wald ilitoka upande wa pili. Hizi ni ndege zilizorudi. Zile zilizopigwa mahali pabaya zaidi hazikurudi zikahesabiwe, kwa hiyo sehemu ya kuogopwa ni ile ambayo kwenye ndege zilizorudi haina matundu.

Kwa mfanyabiashara wa hapa, kazi ya hatua hii ni kuzitafuta ndege ambazo hazikurudi. Mwulize mwenye fremu unayotaka kuipanga: kabla yangu walikaa nani, na kila mmoja alikaa miezi mingapi? Mwulize wakala wa simu wa jirani, maana yeye huona nani ameacha kuweka hela. Mwulize fundi wa mafriza ni yapi aliyoyanunua yakiwa karibu mapya, na waliouza walisema nini. Kwa kila aliyefanikiwa unayemsikiliza, tafuta wawili walioacha. Mimi nasisitiza wawili, kwa sababu simulizi ya aliyefanikiwa ni tamu na itakaa kichwani kuliko ya yule aliyeacha. Mmoja kwa mmoja hawalingani.

Wapo pia walioondolewa na mabadiliko, siyo na uzembe. Waliokuwa wakiuza chakula kwa abiria waliosubiri kivuko cha Kigongo–Busisi walikuwa na hesabu nzuri za miaka mingi. Daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, hesabu zile zikabaki kumbukumbu. Takwimu ya jana nayo inaegemea, inaegemea jana.

Hatua ya 4: Kama unakusanya takwimu ziwani, anza na mwezi wa angani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mkusanya takwimu kwenye utafiti wa kipato cha wanawake wanaoanika dagaa. Tulikaa mwaloni wiki moja. Kila mama tulimwuliza: jana ulipata kiasi gani? Tukazidisha kwa siku za mwezi. Majibu yalikuwa mazuri, mazuri kuliko tulivyotarajia, na kiongozi wetu akashauri tuongeze watu ili tuwe na uhakika. Tukaongeza, wiki ileile, mwalo uleule. Uhakika ukapanda.

Baada ya muda nilirudi pale kwa shughuli zangu. Chanja tupu, nyavu zimekunjwa, vijana wanacheza drafti. Mama mmoja niliyemhoji akanitambua, akanikaribisha uji, akaniambia: "Mlikuja siku za giza, mwanangu. Mngekuja leo mngetuandika ombaomba."

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, sasa nyingi ni za sola. Taa huwavuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi unapokuwa mkubwa, mwanga wa taa hauna nguvu, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kipato cha mwaloni kinapanda na kushuka na mwezi mwandamo wa siku 29 na nusu. Sisi tulipima kileleni tu tukasema bonde lote liko hivi.

Tuseme mama anapata shilingi 30,000 kwa siku za uvuvi, na uvuvi upo siku 18 kati ya 29. Kipato chake halisi ni 540,000. Sisi tuliandika 870,000. Tofauti ya 330,000, na yote iko upande mmoja. Hata tungewahoji wanawake wote wa mwalo ule wiki ile, tusingeisogelea kweli hata kwa shilingi moja.

Marekani walilipata somo hili kwa aibu kubwa zaidi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa yalitoka kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, mambo ambayo miaka ile ya shida ya uchumi yalikuwa ya wenye nafuu. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, kwa sampuli ndogo sana kulinganisha na ile, alimtaja mshindi sahihi.

Kwa hiyo, kabla hujachapisha dodoso hata moja:

Chukua kalenda ya mwezi mwandamo na ugawe siku zako: za giza, za mbalamwezi, za katikati. Kama bajeti ni ya siku sita tu, kwenda mara tatu kwa siku mbilimbili ni bora kuliko wiki moja mfululizo. Fanya hivyo pia kwa mvua na kiangazi, maana dagaa walionyeshewa wakiwa kwenye chanja huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Andika orodha ya wote wanaopaswa kuwa na nafasi ya kuulizwa, kisha jiulize nani hayumo. Anayekuja mwaloni saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa moja hatamkuta mtafiti anayefika saa tatu baada ya chai. Wa visiwani, Ukara au Kome, hawatakutwa na mtafiti anayelala mjini. Mwenye kitochi, simu ndogo ya batani, hatajibu dodoso la mtandaoni.

Usichague wa kuhoji kwa macho. Jicho humchagua aliyekaa kivulini, anayetabasamu, anayeongea Kiswahili kilichonyooka. Andika namba kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, chota. Uliyemchota akiwa hayupo, rudi kesho. Usimchukue jirani yake aliyepo, kwa sababu kukosekana kwake kuna maana.

Hatua ya 5: Chunguza swali, na anayeuliza

Ukishuka kwenye gari lenye nembo ya mradi, watu wanafanya hesabu haraka: huyu ameleta msaada au ameleta kodi? Wa kwanza wanajipunguzia kipato wapate, wa pili wanajipunguzia wasitozwe. Sababu mbili tofauti, mwegemeo uleule. Acha gari barabarani, tembea, na umtangulize mwenyeji asiye na cheo.

Maswali ya siri yana ugumu wake. Uliza mwaloni, "Je, unavua kwa kokoro?" na utapata mwalo wa malaika, kwa sababu kokoro, wavu wa kukokota, ni haramu na kila mtu anajua. Mwaka 1965 mtafiti Stanley Warner alichapisha njia ya kumlinda anayejibu kwa bahati nasibu, na sura moja nyepesi ya njia hiyo inafanyika hapa kwa sarafu ya shilingi 200. Mhojiwa anairusha mwenyewe, wewe huoni. Ukitokea upande wa simba anajibu "ndiyo", hata kama hajawahi kuligusa kokoro. Ukitokea upande wa pili anasema kweli. Hakuna anayeweza kujua "ndiyo" ya mtu fulani imetoka wapi, hata wewe.

Lakini jumla unaijua. Ukihoji watu 200, wapatao 100 wamesema ndiyo kwa ajili ya simba. Ukipata ndiyo 130, zile 30 za ziada zimetoka kwa watu 100 waliosema kweli, yaani asilimia 30. Hata hivyo ieleze kwa Kisukuma au Kikerewe pale panapohitajika, na umwache mtu arushe mara tatu za majaribio. Asiyeielewa sarafu ataona ni ramli, na atasema hapana.

Hatua ya 6: Kwenye mkopo, tafsiri asilimia iwe shilingi

Sikio huegemea asilimia ndogo. Mkopeshaji mmoja anasema asilimia 5 kwa mwezi, mwingine naye asilimia 5, na wewe unaona ni walewale. Kopa 1,000,000 kwa miezi sita. Wa kwanza anahesabu riba kwenye milioni nzima mpaka mwisho, hata baada ya wewe kurejesha nusu: 50,000 mara 6, yaani 300,000. Wa pili anahesabu kwenye deni lililobaki tu, ukipunguza sawasawa kila mwezi: jumla 175,000. Tofauti ni 125,000, na maneno yalikuwa yaleyale. Usiondoke kwenye meza bila jibu la swali hili: mpaka nikimaliza, nitakuwa nimekulipa shilingi ngapi zote?

Rejesho lipangwe kwa mwezi mbaya, siyo mwezi mzuri. Wengi walionaswa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, walikopa giza likiwa limekolea na hela inaingia kila asubuhi, wakaahidi rejesho la kila siku, mbalamwezi ikawakuta.

Kwa upande wa anayekopesha kuna mwegemeo ambao haujionyeshi kabisa. Unajua nani kati ya uliowakubalia alilipa. Waliokataliwa hutajua kamwe kama wangelipa, kwa hiyo kila mwaka daftari linakuthibitishia kwamba ulikuwa sahihi kuwakataa. Kama kikundi chenu kinaweza kubeba hasara ndogo, tengeni kiasi cha kuwakopesha kidogo watu wachache wa mpakani, wale waliokosa kidogo tu kukubaliwa, na waandikwe ukurasa wao. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na ushahidi, badala ya mazoea.

Na wewe mwenye akiba: kama unauza dagaa, umekopesha wauza dagaa, na una hisa kwenye mtumbwi wa dagaa, mvua ya wiki mbili inakupiga mara tatu. Tunaegemea tunachokijua, ni kawaida ya binadamu, lakini sehemu ya akiba ikae mahali ambapo ziwa halifiki: mifuko ya uwekezaji ya pamoja, hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni kwa riba), au hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, linalofanya biashara tangu 1998.

Hatua ya 7: Kwenye kikao, karatasi itangulie mdomo

Mwenyekiti akisema kwanza, "Mimi naona huyu apewe mkopo," wajumbe kumi wanaofuata hawatoi maoni, wanatoa heshima. Wape vikaratasi, kila mmoja aandike ndiyo au hapana na sababu moja, katibu asome zote, ndipo mjadili. Mwenyekiti awe wa mwisho kuzungumza. Kwa wazee wetu hili linaweza kuonekana kama utovu wa adabu, kwa hiyo pitisheni iwe kanuni ya kikundi siku ambayo hakuna ombi mezani.

Hatua ya 8: Jipime mwenyewe kama ulivyopima dumu

Fungua ukurasa wa daftari wenye mistari mitatu ya kushuka: nilichotarajia, kilichotokea, tofauti. Andika mstari wa kwanza kabla ya jambo, kwa kalamu, usifute. Mauzo ya wiki, siku za mzigo kufika kutoka Nansio, deni ambalo mteja aliahidi kulipa Ijumaa. Zikifika safu kumi, angalia alama za mstari wa tatu. Zikichanganyika za kuongeza na za kupunguza, unakisia kama sado. Zikiwa tisa upande mmoja, umeegemea, na sasa unajua kwa kiasi gani.

Kwangu mimi ni ukaushaji. Kila msimu wa mvua huwa naandika kwamba dagaa watakauka kwa siku mbili, na daftari linaniandikia tatu. Bado moyo unaniambia mbili kila ninapoangalia mawingu. Ninaandika mbili, ninaongeza moja, na gari la kuja kuchukua mzigo ninaliita siku ya nne asubuhi.